Mwili wa Mwanamuke na Macho Yetu



Siku hizi mambo mawili yanapigana katika nyumba zetu. Jambo la kwanza ni lile neno "parite", maana yake mwanamuke na mwanaume wawe sawasawa katika haki na katika kazi. Jambo la pili kila mutu analijua: ni zile klipu za muziki ambamo wasichana wanacheza nusu uchi, na watoto wetu wanazitazama katika televizio na katika telefoni, muchana na usiku. Watu wengi wa kanisa wanachanganya mambo haya mawili. Wanasema: "Tazameni matunda ya parite! Wanawake wamepewa uhuru, na sasa wanavua nguo." Mimi vilevile nilisema hivyo, tena mbele ya watu. Leo ninaandika kwa sababu nimeona kwamba nilikosa, na kosa langu lilianzia katika lupango langu mwenyewe.

1. Siku mbili

Ilikuwa siku ya posho, wakati wa proklamasio ya masomo, mwanzo wa mwezi wa saba. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amepata pointi 78 kwa mia. Tulifanya karamu ndogo, majirani wakaja, limonade ikatoka, kijana mumoja akaleta baffle yake na kufungua muziki. Mutoto akaanza kucheza. Hakucheza muchezo wa watoto. Alicheza kama wale wanawake wa klipu: kiuno, mugongo, tena macho ya kuita. Watu wazima wakafanya duara. Wengine wakapiga kelele za furaha. Na mimi, shemasi, nikaingiza mukono mufukoni, nikatoa noti ya franka 500, nikamubandika kwenye paji la uso kama tunavyofanya kwa wachezaji wa orkestra.

Usiku, watu walipokwisha kwenda, mama yangu muzazi aliniita. Alisema: "Mwana wangu, kwa zile pointi 78 ulimupa mutoto nini?" Nikajibu: "Mama, nilimwambia vizuri." Akauliza: "Na kwa kile kiuno ulimupa nini?" Sikuwa na jibu. Mama akasema: "Basi leo mutoto amejifunza kitu gani cha mwili wake kina bei." Akaingia kulala.

Kesho yake, siku ya Mungu, ilikuwa zamu yangu ya kusimama mulangoni mwa kanisa. Akaja musichana wa miaka kumi na sita hivi, amevaa jupe ya kubana. Nikamurudisha. Nilimwambia kwa sauti kubwa, ili wengine wasikie, kwamba nyumba ya Mungu si ngada ya pombe. Aliinamisha kichwa, akageuka, akaenda.

Ndugu zangu, tazameni hesabu hiyo. Siku ya posho nilimulipa mutoto kwa kuonyesha mwili. Siku ya Mungu nilimufukuza musichana kwa kuonyesha mwili. Siku zote mbili mutu aliyehukumu ni mumoja, na siku zote mbili sikuuliza wala mutoto wala musichana neno hata moja. Nilitazama tu.

2. Karamu mbili katika Biblia

Nilipokuwa na uzito huo moyoni, nilifungua Neno la Mungu. Nilikuta karamu mbili ambazo tunazisoma mara nyingi bila kuziweka pamoja.

Karamu ya kwanza iko katika Esteri, sura ya 1. Mufalme Ahasuero alionyesha utajiri wake kwa siku 180, halafu akafanya karamu nyingine ya siku saba. Siku ya saba, divai ilipokwisha kumufurahisha, aliagiza walete malkia Vashti mbele ya watu ili waone uzuri wake. Alikuwa amekwisha kuonyesha vyombo vya zahabu na mapazia. Sasa alitaka kuonyesha muke, kama chombo cha mwisho. Vashti akakataa. Washauri wakashikwa na woga. Hawakuogopa kwamba mufalme amelewa. Waliogopa kwamba wanawake wengine watasikia na wao vilevile watakataa. Vashti akapoteza ufalme, na barua zikapelekwa katika majimbo yote ili kila mwanaume atawale nyumbani mwake.

Karamu ya pili iko katika Marko, sura ya 6. Herode alisherehekea siku ya kuzaliwa kwake. Binti ya Herodia akaingia, akacheza, akawapendeza wanaume waliokaa mezani. Herode akaapa kumupa chochote, hata nusu ya ufalme. Mutoto akaenda kumuuliza mama yake aombe nini. Mwisho wake, kichwa cha Yoane Mubatizaji kililetwa katika sahani.

Katika mahubiri yetu tunamulaumu sana yule binti. Tunasema: muchezo wake ulimuua nabii. Lakini tusome polepole. Nani aliita karamu? Nani alikaa mezani akitazama? Nani aliapa? Nani alituma askari na kisu? Na nani alimutumia mutoto wake kwa kulipa kisasi chake? Binti alicheza tu. Marko haandiki hata jina lake. Watu wazima walifanya mengine yote, na Herode hakurudi nyuma, kwa sababu aliona haya mbele ya wageni wake.

Mumoja alikataa kuonyeshwa, akafukuzwa. Mwingine alikubali kucheza, akalaumiwa mpaka leo. Ndipo nikaelewa: karamu ikiwa mbaya, mwanamuke hawezi kushinda. Basi kabla ya kumuhukumu anayecheza, tumutafute kwanza mwenye karamu.

3. Karamu za nchi yetu

Wazee wanakumbuka. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulileta ile iliyoitwa animasio. Wanawake na wasichana walisimamishwa kwenye viwanja vya ndege na kandokando ya barabara, wakiwa na vikwembe vyenye picha ya mukubwa, wacheze na kuimba sifa zake juani kwa saa nyingi. Wanafunzi walitolewa katika kalasi, wafanyakazi katika kazi. Kukataa kulikuwa hatari.

Na utawala uleule, kwa jina la otentisite, uliwakataza wanawake kuvaa pantalo na nguo fupi. Mukono mumoja uliwaamuru wacheze mbele ya wakubwa, mukono mwingine uliwapimia nguo. Ilipofika mwaka 1997, utawala ulibadilika, Mobutu akakimbia. Lakini katika mwezi wa tano wa mwaka ule, mule Kinshasa, askari wapya walipiga wanawake barabarani kwa sababu ya pantalo na nguo za kubana. Watawala walibadilika, lakini mwili wa mwanamuke ulibaki kama ukuta ambao kila mutawala anaandikapo amri yake.

Muziki wetu vilevile una historia yake, nayo si ya haya tu. Abeti Masikini, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1954, aliimba katika ukumbi wa Olympia kule Paris mwaka 1973. M'Pongo Love, aliyefariki mwaka 1990, alishikwa na polio tangu utoto na kutembea kulimupa taabu. Watu walimupenda kwa sauti yake. Katika orkestra yake ndimo Tshala Muana, mwana wa muji wetu wa Lubumbashi, alianza kama muchezaji, kabla hajawa mwimbaji mukubwa mwenyewe. Alifariki mwaka 2022. Muchezo wake, mutuashi, ni muchezo wa Waluba wa Kasai, na kiuno kinafanya kazi kubwa ndani yake. Sisemi kwamba kiuno ni zambi. Mungu ndiye aliyekiumba. Mufalme Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano kwa nguvu zake zote, na Mikali aliyemuzarau kutoka dirishani ndiye aliyelaumiwa.

Ni nini basi kimebadilika? Tazameni kamera. Katika klipu nyingi za leo, mwimbaji mwanaume anaonyeshwa uso, koti, saa na viatu vya bei kali. Wasichana walio nyuma yake wanaonyeshwa kuanzia kifua mpaka magoti. Kamera inawakata kichwa. Hatujui majina yao, hatusikii sauti yao. Lakini uso ndio tunaomutambulia mutu. Ukiona kiuno bila uso, humuoni tena dada wa mutu wala mutoto wa mutu. Unaona nyama sokoni.

Na nyuma ya klipu kuna maisha yao. Katika mwezi wa saba wa mwaka 2016, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, mwimbaji mukubwa wa nchi yetu alionekana katika video akipiga teke mwanamuke mumoja wa kundi lake. Serikali ya Kenya ilimurudisha Kinshasa. Wengi wetu tuliiona video ile, na wengine tukacheka. Hatukuuliza: kama hivi ndivyo ilivyo mbele ya kamera na polisi, inakuwaje mule ndani wanamofanyia mazoezi?

4. Wale tuliowacheka walisema nini?

Sasa nirudi kwa wale wanaoitwa wafeministi, maana yake watu wanaotetea haki za wanawake. Niliamini kwamba ndio waliofundisha wanawake kuvua nguo. Niliposoma, nilikuta kinyume chake.

Tarehe 7 mwezi wa tisa 1968, kule Atlantic City, Marekani, kulikuwa mashindano ya kuchagua musichana muzuri wa nchi yote. Wanawake wapata mia moja na zaidi walisimama inje kupinga. Walisema kwamba wasichana wale wanapitishwa na kupimwa kama wanyama wa maonyesho. Ili watu waelewe, walimuvika kondoo muzima taji. Walileta pipa la takataka, wakatupa humo viatu virefu na nguo za kubana kifua na tumbo, vitu vyote vilivyowalazimisha kupendeza macho ya wanaume. Uvumi ulienea kwamba walivichoma moto, lakini si kweli, walivitupa tu.

Ndugu, kama tungesikia maneno yale bila kujua yametoka wapi, si tungesema Amina? Wanawake wale walikuwa wakisema kwamba mwanamuke si nyama ya kupima kwa macho. Hayo ndiyo tunayohubiri kila mara.

Ni kweli, hawana sauti moja. Wako wanaosema kwamba mwanamuke akipenda kuonyesha mwili wake na kupata feza, ni haki yake, na hakuna mutu wa kumukataza. Sikubali jibu hilo lote, lakini sitaki kulizarau. Musichana wa klipu mara nyingi analisha mama yake na wadogo zake. Anapoulizwa, anasema: "Ni kazi yangu." Basi mimi ninauliza swali moja tu, swali la Vashti: Je, anaweza kusema hapana, na kesho akala? Akikataa nguo aliyopewa, atabaki katika orkestra? Akikataa kwenda kwa mukubwa usiku, jina lake litabaki kwenye orodha ya safari? Kama hapana yake inamupotezea mukate, basi ndiyo yake si uhuru kamili. Uhuru wa mutu unapimwa kwa hapana yake.

Na swali hilohilo linaingia katika ndoa zetu. Sheria ya familia ya mwaka 1987 iliagiza mwanamuke wa ndoa apate ruhusa ya mume wake mbele ya kufanya tendo la sheria, kama vile kuuza mali au kwenda mahakamani. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya mwaka 2016. Katiba ya mwaka 2006, katika kipengele cha 14, inadai ubaguzi wowote juu ya wanawake uondolewe. Nani alipigania mambo hayo? Ni wale mama tunaowacheka kila tarehe 8 ya mwezi wa tatu, tukisema wanatafuta tu kikwembe kipya. Leo mujane wa kanisa letu anapotetea lupango lake mbele ya ndugu za marehemu, anatumia silaha walizotengeneza watu kama wao.

5. Mwisho wa njia hii

Wengine watasema: "Shemasi, hayo ni mambo madogo. Muchezo ni muchezo." Nawaomba watazame mashariki mwa nchi yetu. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilifunguliwa mwaka 1999, na muganga wake Denis Mukwege alipewa tuzo ya amani ya Nobel mwaka 2018 kwa sababu ya wanawake waliobakwa katika vita. Sisemi kwamba klipu ndizo zilizoleta vita. Vita vililetwa na bunduki, na tamaa ya mali, na watu wenye majina. Lakini kuna jambo moja ambalo halikuletwa na bunduki: wanawake wengi waliporudi nyumbani, waume zao waliwafukuza. Waliona kitu chao kimeharibika. Mutu hamufukuzi mutu aliyeumizwa. Anatupa kitu kilichovunjika. Wazo hilo, kwamba mwanamuke ni kitu, halikutoka msituni. Tulikuwa nalo mezani kwetu.

6. Je, basi kila mutu avae anavyotaka?

Hapana. Sisemi adabu ya nguo iishe. Mutume Paulo alimuandikia Timoteo (1 Timoteo 2) kwamba wanawake wavae kwa heshima. Lakini tusome sura yote. Katika mustari wa 8, kabla ya kuwafikia wanawake, anaagiza wanaume wasali wakiinua mikono mitakatifu, bila hasira wala mabishano. Mustari ule hatuusimamii mulangoni. Na katika mustari wa 9, anataja vilevile zahabu na nguo za bei kali. Tunapima urefu wa jupe ya mutoto wa masikini, lakini super-wax ya mama tajiri tunaipatia kiti cha mbele.

Na Bwana Yesu alisema nini? Katika Matayo, sura ya 5, alifundisha kwamba mwanaume anayemutazama mwanamuke kwa kumutamani amekwisha kuzini naye moyoni. Halafu hakuagiza mwanamuke afunikwe. Alisema kama jicho lako linakukosesha, ling'oe wewe mwenyewe. Zambi ya jicho aliiacha kwa mwenye jicho. Sisi tumeihamisha, tukaiweka juu ya jupe.

Tukumbuke pia wanawake ambao Mungu aliwatumia. Kimpa Vita alichomwa moto mwaka 1706 kwa sababu ya ujumbe wake. Nabii Simon Kimbangu alipofungwa mwaka 1921, muke wake Mama Marie Muilu aliwalinda waamini katika siri mpaka kufa kwake mwaka 1959. Hakuna anayetuhadisia leo walivaa nini. Tunakumbuka walichobeba.

7. Tufanye nini?

Ya kwanza, kwa wazazi. Tusimulipe mutoto kwa kiuno. Mutoto wa miaka saba hawezi kusema ndiyo wala hapana, kwa kuwa hajui anachouliziwa. Sikumukataza binti yangu kucheza. Aliniuliza: "Baba, nilicheza vibaya?" Nilimujibu: "Hapana, sisi ndio tuliotazama vibaya." Halafu nilimununulia kitabu na kalamu kwa ajili ya zile pointi 78, nikamupa mbele ya wageni walewale.

Ya pili, kwa vijana wanaume. Ukitazama klipu, tafuta uso. Kama huupati, jiulize nani ameuondoa na kwa nini. Na usicheke mutu anapopigwa.

Ya tatu, kwa binti zetu. Parite si kuiga zambi za wanaume, wala si kuuza hekalu la Roho Mutakatifu. Lakini musikubali vilevile mutu yeyote, hata shemasi, awafundishe kwamba mwili wenu ni aibu. Ni kazi ya mikono ya Mungu.

Ya ine, kwa sisi mashemasi. Mutu akija na nguo isiyofaa, aingie kwanza. Mama shemasi atampatia kikwembe na kuzungumza naye pembeni, kwa sauti ndogo. Nimeomba jambo hilo katika mukutano wetu, na wazee wanalitafakari.

Juu ya yule musichana, nilimutafuta. Nilienda kwao pamoja na mama shemasi, nikamuomba musamaha. Alinijibu kwa heshima: "Baba shemasi, siku ile nilikuja kuomba sala juu ya mama, alikuwa mugonjwa sana. Jupe ilikuwa ya binamu yangu, yangu ilikuwa imelowa." Mama yake yuko muzima, Bwana asifiwe. Lakini musichana hajarudi kanisani mpaka leo. Kila siku ya Mungu, nikisimama mulangoni, ninaangalia barabara. Sitazami tena nguo za watu wanaokuja. Ninatazama nyuso zao, nikitafuta wake.

Bwana atusafishe macho. Amina.